Barua ya wazi kwa vijana wetu wa vijijini Uingereza: kimya cha jirani si chuki

Wanangu,

Salamu kwanza, lawama baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Natumaini shifti za usiku za kuwatunza wazee hazijawamaliza, na mliowaacha nyumbani wanaendelea vizuri.

Sasa lawama. Ile video mliyoisambaza baada ya sherehe ya mtoto, kule nje kidogo ya Wellingborough, nimeitazama yote. Mmeandika kwamba majirani wa pale wanatuchukia, eti wamepeleka malalamiko halmashauri kwa sababu tu wameona watu weusi wanafurahi. Mimi nilikuwepo hadi magharibi, na kesho yake nilirudi nikazungumza na majirani. Spika mlizitoa nje bustanini. Muziki ulipigwa mpaka saa nane za usiku. Magari mliyapanga kandokando ya barabara ambayo hata siku ya kawaida magari mawili hayapishani, na moja mkaliacha mbele ya lango la wazee wawili, mume na mkewe, na mke ni mgonjwa wa moyo. Gari la wagonjwa lilipoitwa usiku ule kwa ajili yake lilikwama kwenye kona, wahudumu wakashuka na machela kwa miguu. Yule mama amepona, alhamdulillahi. Lakini kwenye video yenu hayumo.

Haya, niambieni. Jambo hili mngelifanya Moshi, Kisii au Mbale, wazee wa mtaa wangenyamaza? Balozi wa nyumba kumi angekuwa mlangoni kabla ya saa sita. Hapa hakuna aliyewagongea mlango, nanyi mkadhani hakuna aliyeumia. Halmashauri za huku zina mamlaka ya kushughulikia kelele saa yoyote, na kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi sheria inazipa nguvu zaidi. Aliyelalamika alifuata njia ya kwao. Neno ubaguzi lina kazi yake nzito. Mkilitumia kufunika kosa letu, siku tutakapolihitaji kweli hakuna atakayelisikiliza.

Ubaguzi upo, sitawaficha. Mliziona ghasia za Agosti 2024 dhidi ya wahamiaji, hoteli zilizokuwa zikihifadhi waomba hifadhi zikishambuliwa Rotherham na Tamworth. Wapo wagonjwa tunaowaosha wanaotukataa kwa sababu ya rangi ya mikono yetu. Mtu akikutukana rangi yako, andika tarehe, saa na maneno aliyosema, kisha piga polisi 101. Ikiwa uko hatarini, 999. Usimezee. Ila jifunze kumtofautisha anayekuchukia na anayetaka kulala.

Na hapa ndipo penye shina la barua yangu. Nyinyi mmekuja mkakuta mitaa isiyo na kelele, mapazia meupe, ua uliokatwa sawasawa, mtu haonekani nje kuanzia saa kumi na moja jioni, mkahitimisha kwamba watu hawa hawana utu. Mnapaita makaburini. Kila mkipata siku ya mapumziko mnakimbilia Leicester, Luton au London kutafuta wenzenu, mnarudi usiku, mnalala, mnaamkia kazini. Mwaka unapita hamjui jina la mtu wa mlango wa pili.

Mtaani kwangu kuna mzee mjane. Kwa muda mrefu nilikuwa namwona akipunguza maua yake, ananiinamishia kichwa, nami namwinamishia, basi. Akizidisha ni kusema mvua inakuja. Baridi moja nilishikwa na mafua makali baada ya shifti za usiku mfululizo, nikalala kama gogo. Mchana mlango ukagongwa. Ni yeye, amesimama hatua mbili nyuma ya kizingiti, kofia mkononi. Akaniambia: pazia lako la juu hufunguliwa saa mbili, leo ni saa saba. Hakuingia ndani. Aliuliza kama nina dawa, akaenda kuninunulia, akaziacha mlangoni pamoja na mkebe wa supu, akarudi kwake. Tangu siku hiyo nikaelewa kwamba ule mtaa una macho. Wanajua pazia la nani linafunguliwa lini, pipa la nani halijarudishwa ndani, mtoto wa nani amepita peke yake. Wanapokuongelesha habari za mvua, wanakujulia hali. Wanapokaa mbali na mlango wako, wanakuheshimu kwa namna waliyofundishwa wao.

Kwa hiyo anza wewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema sisi wenyewe, na mgeni ni wewe. Ukihamia, wape majirani wa pande zote mbili jina lako ndani ya wiki ya kwanza. Kwenye njia ya shambani kila unayekutana naye msalimie. Mjini hawafanyi hivyo, huku wanafanya. Siku ya taka, ukishaingiza pipa lako, ingiza na la mzee wa jirani. Mzigo wake ukiletwa hayupo, mpokelee. Desemba mwandikie kadi, itumbukize kwenye tundu la barua. Ukiwa na sherehe, na sherehe fanyeni, sijasema msifurahi, mwambie siku kadhaa kabla, mtajie saa ya kumaliza na uitimize, mpe namba yako ya simu, mpelekee sahani ya pilau au mandazi. Maegesho omba kwenye ukumbi wa kijiji, na ukumbi wenyewe unakodishwa, wala si ghali kama mnavyodhani. Usimvamie ndani kwake bila taarifa. Subiri akukaribishe, huenda ikachukua mwaka mzima. Vumilia.

Mengine nayataja tu. Leseni yenu ya udereva ya Kenya, Tanzania au Uganda inawaruhusu kuendesha kwa miezi 12 tu tangu mlipoanza kuishi huku, baada ya hapo ni mitihani upya. Anzeni mapema maana basi la kijijini Jumapili mara nyingi halipo. Jiandikisheni kwa daktari wa eneo lenu mkiwa wazima, msingoje kuugua. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, nanyi hulala mchana, kwa hiyo kunyweni vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku. Wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tuifikirie mwaka mzima. Njia za umma za kupita kwa miguu katika mashamba ya watu zina mishale ya njano: tembeeni, ni bure, ila lango mlilolikuta limefungwa lifungeni. Mtoto akialikwa sherehe ya mwenzake wa darasani, jibu ule mwaliko, uende au usiende. Jumapili ya pili ya Novemba, wanakijiji wakikusanyika penye mnara wa askari waliokufa vitani, simameni nao. Babu zetu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walipigana hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Ile si shughuli ya watu wengine.

Na kura! Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo raia wake wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, hata ile ya kumchagua mbunge. Wangapi mmejiandikisha? Mnalalamika taa za barabarani, mnalalamika basi limeondolewa, na baraza la kijiji hukutana ukumbini, mlango wazi kwa kila mkazi. Viti vya wananchi viko vitupu.

Sisemi kosa ni lenu peke yenu. Nchi hii imefika mahali ambapo mwaka 2018 ilibidi imteue waziri wa kushughulikia upweke. Vijiji vingi vimepoteza duka, posta na basi, wazee wamebaki na madirisha, watoto wao wako mbali. Ikawaita nyinyi mje kuwatunza: Februari 2022 ikafungua mlango wa viza kwa wahudumu wa wazee, Machi 2024 ikawakataza wanaokuja kuleta wake, waume na watoto, Julai 2025 ikaufunga kabisa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Wanataka mikono yenu bila familia zenu. Hilo ni jambo la aibu na nitalisema popote. Na mawakala waliowatoza mamilioni kwa ajili ya kazi isiyokuwepo, wengine wakiwa watu wetu wenyewe, Mungu anawaona.

Lakini kwa uchungu huo huo ninawauliza: mnamlisha mzee wa kizungu kwa kijiko kazini, mnajua anapenda chai yake vipi, kisha mnarudi nyumbani mnampita mzee wa mlango wa pili kama mti. Huyu hakulipii, ndiyo tofauti? Sisi hatukufundishwa hivyo. Kwetu jirani hakuwa na mshahara.

Sasa kazi. Ile video iondoeni leo. Nimeshampigia simu bwana wa yule mama mgonjwa, amekubali tufike Jumamosi saa nne asubuhi, watu wawili au watatu tu, dakika chache mlangoni. Baba wa mtoto lazima awepo, na mwenye lile gari pia. Maua nitanunua mimi. Asiyeweza kuja kwa sababu ya shifti aandike kadi kwa mkono wake na anipatie kabla ya Ijumaa jioni.

Shangazi yenu,
Northamptonshire