Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa waongoza watalii, Amani

Ndugu wanachama, wazee wetu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na mama zetu mnaowapikia wageni, karibuni.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, sitazigusa. Nitasema juu ya kazi yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo kamati imelijadili mara kadhaa bila kuafikiana.

Mgeni anayepanda Amani hakuja kutafuta simba. Tembo hatuna, twiga hatuna. Tulicho nacho ni msitu wa Usambara Mashariki, katika Milima ya Tao la Mashariki, wenye vyura, vinyonga, ndege na mimea ambayo mingine haipatikani kwingine kokote duniani. Ni vitu vidogo, vingi vimejificha, na asiyeonyeshwa hupita asione. Akiongozwa na mtu asiye na la kumwambia, atakuwa ameona miti tu, na miti anayo kwao. Ndiyo maana nashikilia kwamba tunachouza ni maelezo. Kwa kipimo hicho, mwaka huu tumesogea mbele upande wa historia na tumerudi nyuma upande wa viumbe.

Nianze na historia. Zamani tukifika Zigi tulisema "hii nyumba ya Mjerumani", tukapita. Sasa vijana wanaeleza kwamba hapo palikuwa stesheni ya reli nyembamba iliyopanda kutoka Tengeni kufuata mbao za msitu huu. Wakifika juu kwenye bustani ya mimea, iliyoanzishwa mwaka 1902, wanaeleza kwa nini kuna miti ya mabara mengine: Wajerumani walikuwa wakijaribu mazao ya kuipatia koloni faida. Wengi hupenda kisa cha mkwinini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka na manowari za Waingereza zikafunga pwani, dawa kutoka Ulaya zikakatika, na wataalamu wa Amani wakatengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa huku. Baada ya Vita vya Pili, Waingereza nao wakaweka hapa hapa kituo cha utafiti wa malaria. Kilima kimoja, ugonjwa mmoja, tawala mbili.

Ninachoomba kiongezwe ni watu wetu. Waliobeba mbao, waliootesha miche, waliokamata mbu kwa ajili ya maabara walikuwa babu na baba zetu, na baadhi ya wazee waliofanya kazi kituoni wako hai. Kamati inapendekeza mzee akialikwa kuzungumza na wageni alipwe kama mwongozaji, si kupewa soda. Najua wako wanaosema tutaongeza gharama. Mimi nasema ziongezeke.

Sasa viumbe, na hapa nitasema wazi. Ule urujuani wetu unaoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ndio ule ua linalopambwa madirishani Ulaya nzima. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mmea huo kwao, na hadi leo Wajerumani huuita kwa jina la Usambara. Mgeni akiuona porini hufurahi kupita kiasi. Baadhi yetu, kwa kutaka bahshishi, wameng'oa miche wakawapa. Kuna mwamba mmoja njiani ambao mwaka juzi ulikuwa umefunikwa maua na sasa una moss tupu. Siwataji, wanajijua.

Kinyonga naye, hasa yule wa pembe tatu, anashikwa, anapitishwa mkono kwa mkono, anapigwa picha, kisha anatupwa kwenye kichaka chochote. Na ndege: wapo wanaocheza sauti kwenye simu ili kumwita yule shona-nguo mwenye mdomo mrefu, ndege adimu mno ambaye watu wanavuka bahari kumfuata. Ndege akidhani kuna mpinzani eneoni mwake huacha kiota na chakula akaja kupigana na simu. Akirudia hivyo kila siku msimu wa kutaga, tutegemee nini?

Hoja iliyo mezani, basi, ni kwamba kung'oa mmea, kumshika kinyonga na kuita ndege kwa simu kuwe kosa la kusimamishwa kazi mwezi mzima. Waliopinga kwenye kamati walisema wageni ndio wanaodai. Ni kweli wanadai. Lakini kila nilipomweleza mgeni sababu, alirudisha simu mfukoni, na wengine walianza kuuliza maswali zaidi.

Mengine kwa ufupi. Masika iliharibu barabara ya kupanda kutoka Muheza kama kawaida yake, na safari kadhaa ziliahirishwa. Wanafunzi kutoka Tanga mjini wanaongezeka, jambo linalonifurahisha kuliko wageni wa mbali. Waambieni kwamba maji wanayokunywa nyumbani hutoka Mto Zigi, unaoanzia humu. Wakionyeshwa msizi, waelezwe pia kwamba si mti wa asili hapa. Uliletwa kutoka upande wa magharibi na sasa unajiotea penye kila uwazi, ukiibana miti ya kwetu.

Ushirikiano na maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu ni mzuri, ingawa bado tunasubiri majibu kuhusu vibao vya njia.

Muda wangu wa uongozi unakwisha leo na sitagombea tena. Katibu atagawa karatasi mbili: moja ya uchaguzi, nyingine ya hoja niliyoieleza. Tupige kura ya hoja kwanza, ili atakayechaguliwa aikute imeshaamuliwa.