Kabla hujanunua hayo mawe

Majengo,
Moshi.

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Njiro? Huku sote wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Nimefurahi mno kusikia nyumba imeshaezekwa na sasa mnabishana sakafu. Unasema Baba Neema anataka marumaru nyeupe ya asili nyumba nzima, jikoni na bafuni humo humo, na wewe unataka tailizi za kawaida uhamie haraka. Kwa kuwa umeniuliza, sitapindapinda: sebuleni mpe, jikoni usithubutu.

Tatizo la marumaru ni asidi. Jiwe lile ni la jamii ya chokaa, na chokaa na asidi haviivani. Ndimu, siki, nyanya, hata soda, vyote vinalila. Kwa shemeji yangu kule Kibosho waliweka marumaru inayong'aa kama kioo. Siku ya kipaimara ndoo za mbege zikapangwa sakafuni, na unajua mbege ilivyo chachu. Kesho yake kila ndoo ilikuwa imeacha pete yake, imefifia, haina mng'ao. Walisugua kwa sabuni, wapi! Lile si doa, ni jiwe lenyewe limelika, na dawa yake ni kuita mtu wa mashine aling'arishe upya. Bafuni nako, dada wa kazi akimwaga ile dawa kali ya choo, mmekwisha.

Graniti ni habari nyingine. Ni ngumu kuliko marumaru, na ndimu haiifanyi kitu. Kaunta ya jikoni iwe graniti, na uchague ya rangi nyeusi au kijivu, maana ile nyeupe hunywa mafuta ya alizeti na manjano usipoipaka ile dawa ya kuziba vinyweleo, mafundi wanaiita sila. Ipakwe kabla ya kujaza mistari kati ya vipande kwa saruji ya rangi, kisha irudiwe kila matone ya maji yakianza kuzama badala ya kusimama juu.

Usiamini maneno ya muuzaji, na mimi pia usiniamini. Omba kipande kilichokatika, kidondoshee ndimu, subiri dakika kumi, ufute, kisha ukiinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona baka lililofifia, hilo jiwe la jikoni silo.

Sasa nimtetee mzee kidogo. Jiwe la kweli rangi yake imepita ndani kwa ndani, kwa hiyo likichakaa baada ya miaka unalisaga linarudi jipya. Tailizi ya kiwandani ikibanduka ngozi ya juu, ndiyo basi. Na hakuna vipande viwili vya jiwe vinavyofanana, uzuri wake ndio huo. Ila fundi avipange vikavu sakafuni kwanza, achanganye maboksi, mkubaliane ndipo abandike. Gundi iwe nyeupe, kwani ya kijivu hujitokeza kwenye jiwe jeupe. Nunueni ziada, asilimia kumi hivi, maana mkirudi dukani mwakani rangi ile hamtaipata.

Uzito nao. Jiwe la unene wa sentimita 2 ni kama kilo 50 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara mbili ya tailizi za kawaida. Chini si neno, lakini kwa ile ghorofa ya watoto mwulizeni mhandisi. Barazani msiweke linalong'aa. Mvua ya masika ikiingia, wageni watateleza. Na vumbi la Arusha unalijua: chembe zake zinakwaruza marumaru, kwa hiyo mkeka mkubwa mlangoni na viatu nje. Mwezi wa saba, bibi akija, mtafutieni zulia, miguu yake haitaiweza baridi ya jiwe.

Nikija Arusha mwisho wa mwezi tupite madukani wote, ila ndimu uje nazo wewe. Baba Neema msalimie, mwambie sijamkatalia marumaru yake, nimeipunguza tu vyumba.

Rafiki yako,
Mama Joshua