Tahadhari ya Mvua kwa Wakazi wa Bonde la Kerio

Ndugu wanakikundi, salaam.

Mvua za masika zinapokaribia, nawaomba tusisahau yaliyotokea Chesogon mwezi Aprili 2020, pale maporomoko ya udongo na mafuriko yalipofagia nyumba, soko na kituo cha polisi kwenye mpaka wetu na Pokot Magharibi. Ukame wa bondeni tunaujua na huja polepole. Mteremko wa Elgeyo, ambao ni mkali na umepunguziwa miti kwa kilimo, hauna subira hiyo.

Kwa hiyo, yeyote anayeishi chini ya mteremko au kando ya korongo akague ardhi yake kila siku: nyufa mpya, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope. Ishara ninayoihofia zaidi ni mto kupungua ghafla ilhali mvua inaendelea kunyesha, kwa maana huenda umezibwa huko juu na utafumuka. Ukiiona, usisubiri kuhesabu mbuzi. Ondoka uelekee mahali pa juu mbali na korongo, kisha utujulishe hapa.

Wenye wazee au wagonjwa wasioweza kutembea waniandikie leo, ili tupange watakaowabeba.