Mmehesabu ucheleweshaji mkaishia getini

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya Jumanne ya mwanamke aliyefariki kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi mliifunga kwa nasaha kwamba wanawake waache tabia ya kuchelewa kufika hospitalini. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Hata nasaha zenu za maji ya limau kila asubuhi nilizipitia kimya. Hii imenishinda.

Kila mkunga hufundishwa kuwa ucheleweshaji ni wa aina 3: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mwandishi wenu alihesabu mbili za mwanzo, alipofika getini akafunga daftari. Habari yenyewe inasema marehemu alifika saa 2 asubuhi na kuingizwa chumba cha upasuaji saa 10 jioni. Muda wote huo alikuwa wapi kama si ndani ya hospitali?

Nitawaambia alikokuwa. Alikuwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kwa sababu hospitali zetu zina mlango wa mwenye uchungu wa kuzaa na zina kliniki ya mwenye kadi, lakini mwenye mimba ya wiki 7 hana mlango. Kadi ya kliniki hutolewa hudhurio la kwanza, na wengi wa wiki 7 hawajahudhuria. Wengine hata hawajui kama wana mimba. Sera ya nchi inasema huduma za mjamzito katika vituo vya umma hazilipiwi. Karani wa dirishani yeye anasema: kadi iko wapi? Huna? Basi wewe ni mgonjwa wa kawaida, kalipie kwanza.

Tukio moja litoshe, na hospitali siitaji. Mwanamke wa wiki 7 alifika na maumivu upande mmoja wa tumbo na damu kidogo ya rangi ya kahawia. Akapimwa malaria na mkojo, akaandikiwa dawa za UTI. Aliporudi kulalamika kuwa hata bega linamuuma, akatumwa ultrasound na kuambiwa anywe lita moja ya maji, abane mkojo, asubiri zamu. Akahisi haja kubwa, akaenda chooni, akazimia humo humo. Kwenye karatasi yake walikuwa wameandika presha 100 kwa 60, mapigo 118, wingi wa damu 11. Pembeni, kwa mwandiko mzuri kabisa: hali nzuri. Akapona, mrija mmoja wa uzazi, mimba ilimokuwa imetunga, ukatolewa.

Hali nzuri! Tuisome karatasi hiyo pamoja, Mhariri, maana hapo ndipo wanawake wanapofia, siyo njiani. Msichana mwenye afya huvumilia kupoteza damu nyingi kabla presha haijaanguka. Kinachotangulia ni mapigo. Kuna hesabu ya mtoto wa darasa la pili: mapigo yakiipita namba ya juu ya presha, damu inavuja mahali. Hapo ni 118 na 100, na hakuna aliyezilinganisha. (Na yasipopanda usistarehe, maana damu ikijaa tumboni mara nyingine mapigo hushuka.) Wingi wa damu wa 11 nao hauna maana yoyote saa ile. Kipimo hicho huonyesha mchuzi ulivyo mzito, hakionyeshi sufuria imebaki na kiasi gani. Namba hushuka baada ya saa kadhaa, mwili ukishavuta maji kufidia au ukishatundikiwa dripu. Damu kidogo ukeni haimaanishi damu kidogo, kwa sababu mrija ukipasuka damu humwagika tumboni. Ikifika chini ya kiwambo cha kupumulia, maumivu husikika begani. Ikituama nyuma ya kizazi, mtu huhisi haja kubwa. Bega na choo, vyote viwili alivisema kwa mdomo wake. Na mtu anayeweza kuingia upasuaji dakika yoyote hanyweshwi lita ya maji! Kibofu kilichojaa kinahitajika kwa kipimo cha juu ya tumbo tu. Cha kupitia ukeni hutaka kibofu kitupu, na kwa wiki 7 ndicho kinachoona vizuri zaidi. Tena mwenye dalili za kuishiwa damu hasubiri picha. Sindano ikiingizwa nyuma ya kizazi ikavuta damu isiyoganda, jibu limepatikana, apelekwe mezani.

Yote hayo yangezuiwa na kikaratasi cha kupima mimba kwa mkojo, dakika 5. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa anayeumwa tumbo au aliyezimia apimwe mimba kabla ya hiyo malaria, hata akisema yuko kwenye siku zake, hata akiwa na kitanzi, hata akisema alifunga kizazi. Mimba ikishika baada ya kitanzi au kufunga, ndipo ya kuishuku zaidi kuwa iko nje. Kipimo kikisema mimba ipo na picha ikaonyesha kizazi kitupu, asiambiwe "bado changa, rudi baada ya wiki 2." Arudi baada ya saa 48 homoni ya mimba kwenye damu ipimwe tena, na aondoke akizijua dalili za kumrudisha mbio usiku huo huo. Aliyegundulika mapema, mrija haujapasuka, anaweza kutibiwa kwa sindano ya methotreksati bila kisu, mradi awe wa kurudi kupimwa siku ya 4 na ya 7. Benchi huila nafasi hiyo.

Halafu damu. Ndugu wanatumwa kutafuta wachangiaji ilhali mgonjwa ana lita nzima tumboni mwake. Mbichi, isiyonuka, isiyo na usaha, huchotwa kwa bakuli safi, ikachujwa kwa tabaka kadhaa za shashi iliyochemshwa, ikaingia kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda, ikarudi mshipani. Wapasuaji wa wilayani waliifanya kabla vijana wetu hawajazaliwa. Sasa naona mifuko hiyo inasubiri maombi yenye mihuri.

Na mkiwa mnaandika, acheni kuita kila damu ya miezi ya mwanzo "utoaji mimba." Najua mlikolitoa: kwenye faili. Madaktari hutumia neno moja la Kiingereza, abortion, kwa mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa. Karani akilisoma, wodi nzima inamwangalia mgonjwa kama mshitakiwa. Vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu vinahusu kutoa mimba. Havimkatazi mtu kumtibu ambaye mimba yake imeharibika. Lakini mnong'ono huo ndio unaofanya mtu asafishwe kizazi bila ganzi, kama adhabu. Dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 1, mililita 20 kuzunguka shingo ya kizazi, ngoja dakika 3. Ni kazi ngumu hiyo? Pampu ya mkono ya kusafishia kizazi nayo hujaribiwa kabla: funga vali, vuta, ngoja dakika 2, fungua, usiposikia hewa ikiingia kwa kishindo, mpira wake wa duara umekauka, tia tone la silikoni. Wengi hawajaribu, wanavuta bure, wanarudia chuma cha kukwangulia ambacho Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri kiachwe. Kilichotoka kisimwagwe. Kitiwe kwenye bakuli la maji, kimulikwe. Nyuzi za mimba huelea kama mwani. Zisipoonekana, msiandike "amesafishwa," kaitafuteni mimba kwenye mrija.

Wizara haihitaji kongamano. Inahitaji boksi la mbao lenye vikaratasi 50 vya kupimia mimba, vikombe vya mkojo, kipima presha kinachofanya kazi, sindano 2 za dripu namba 16 zile za kijivu, lita 2 za maji ya chumvi na chupa za sampuli ya damu. Boksi likae mezani kwa karani, palepale anapoulizia kadi. Nyuma yake liwe benchi la kulala, maana lililopo la kukaa lina misumari.

Nanyi, mkichapisha kifo kingine cha namna hii, andikeni nyakati mbili: aliopita getini, na aliowekewa mkono tumboni na mtu anayejua anachokitafuta.

Mkunga mstaafu,
Morogoro