Nisaidie Barua ya Asali

Wadi ya Basuba, Lamu

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. U hali gani, na mama hajambo? Mguu wake umepoa? Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila kusi limeshika na bahari imechafuka, kwa hivyo sijui waraka huu utakufikia lini. Nampa Nahodha Shee mkononi. Usinijibu kwa simu, utaona sababu mbele.

Najua nimenyamaza sana na ushaninunia. Endelea kununa lakini soma. Nina shida, na shida yenyewe ni barua. Wazee wa hapa wamenijia, wanataka niwaandikie kwa mkubwa wa kambi ya jeshi, waruhusiwe kuingia msituni kurina asali. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwenzangu. Insha ya "Siku Nisiyoisahau" naijua, barua ya kumwomba afande msitu siijui. Wewe umekaa afisini kwa DO ukipiga chapa barua za kila mwenye kesi ya shamba na mbuzi. Nikasema, huyu ndiye.

Hujafika huku, basi nikueleze. Kambi haiko mbali nasi. Ukitoka darasani waona magunia ya mchanga kabla ya kuona msikiti. Zahanati za wadi hii zilifungwa baada ya mashambulizi ya 2014, wauguzi wakaondoka, na mtoto akishikwa na homa anapelekwa kwa daktari wa jeshi. Usiku, kukiwa na kafyu, unakwenda na taa umeiinua juu, ukipiga kelele tangu mbali ili wajue ni mama na mwanawe. Na wanamtibu, wallahi, hawadai hata shilingi. Siwezi kuwasema vibaya kwa hilo.

Na shuleni vilevile. Walimu walipokimbia, wanajeshi ndio walioshika chaki. Hapa kwetu kulikuwa na mmoja watoto wakimwita Mwalimu Afande. Ameshahamishwa lakini kazi yake naiona kila asubuhi. Juzi nimemwita mtoto ubaoni, akapiga guu chini, akasimama wima: "Ndio afande!" Nami nikajikuta nimepiga saluti. Usicheke. Hata chooni wanakwenda kwa gwaride.

Operesheni Linda Boni, ya kuwafukuza al-Shabaab msituni, ilipoanza Septemba 2015 ilisemekana ni ya siku 90. Waliozaliwa mwaka ule ndio ninaowafundisha desimali sasa.

Sasa shida iko hapa: wanabadilishwa. Kundi likishajua kwamba Mzee Omari ni kiziwi sikio la kushoto, ndiyo maana haitiki akiitwa kwenye kizuizi, linaondoka. Linakuja jingine, Mzee Omari anaanza upya. Kitambulisho, fungua gunia, hizi kuni umezitoa upande gani. Mkubwa wa kambi aliyeondoka alikuwa mtu wa kukaa barazani, anajua huyu mtoto wa nani na yule kaoa wapi. Wazee walikuwa wakimwambia kwa mdomo tu, afande, kesho tunaingia upande wa bahari, jioni tumetoka. Anawaitikia. Hakuna karatasi. Aliyekuja sasa si mkali, ila hatujui, na asiyekujua msituni ni bora asikuone kabisa.

Utasema, asali tu? Kuna sukari madukani. Nilisema hivyo hivyo nilipofika, nikatazamwa. Mwanaisha, hawa ni watu wa msitu. Mzee Omari asimulia kwamba wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 60, serikali iliwatoa wazee wake ndani ikawapanga kandokando ya barabara ya Kiunga, wasije wakawalisha mashifta, wale waasi. Akiwa kijana akaona wanajeshi wakiondoka, akaona wengine wakija, kwa hiyo hawa wa leo hawamtishi sana. Halafu 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Nyama ilichukuliwa na sheria, sasa asali inachukuliwa na vita. Mahindi wakilima, nyani na nyati wanavuna kabla yao. Asali ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari, ndiyo anayopewa mgeni. Na kuna yule ndege, mlembe, wanampigia mluzi naye anawaongoza mpaka kwenye mzinga. Mzee ana hofu ndege nao watazoea kutoitwa. Vijana wengine hawaujui mluzi wenyewe, wanajua wa mpira.

Maua yamechanua, msimu haungoji mtu. Nimekaa na kalamu. "Kwa heshima na taadhima..." nikakwama hapo.

Kwanza ni moshi. Asali hairinwi bila moshi, nyuki watakumaliza. Na moshi msituni, kwa aliye kambini au aliye kwenye helikopta, si moshi wa asali. Mtu mwenye panga, kamba, moto na kibuyu, chini ya mti, pekee yake, utamweleza nani kwamba yeye ni baba wa watoto sita? Kwa hiyo lazima barua iseme siku gani na upande gani, watu wangapi. Hilo naelewa.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nasikia kambi itataka majina na nambari za vitambulisho. Ni haki yao, wanataka kujua nani yuko ndani. Lakini wale wengine, unawajua ninaowasema, nao wana macho. Miaka iliyopita walikuwa wakiingia vijijini huku jioni, wanakaa msikitini wanahubiri, wanachukua unga na sukari, wanaondoka kabla wanajeshi hawajafika. Asubuhi wanajeshi wanauliza, kwa nini hamkusema? Wakirudi wale wanauliza, nani amesema? Sasa nikiandika orodha, nikatia sahihi za watu kumi na wawili, ikadondoka, au ikapigwa picha ikatumwa kwenye simu ya mtu, wale watu kumi na wawili wanakuwa wapelelezi wa jeshi kwa mkono wangu mimi. Na bila orodha, wanakuwa magaidi wenye moshi.

Wewe niambie. Maana nimefikiria hivi: barua itaje siku, saa ya kutoka, na upande, na hesabu ya vichwa tu. Majina awe nayo chifu, kichwani, mwenyewe aende kambini akawasimamie pale kizuizini wakiingia na wakitoka. Lakini chifu naye... haya, tuyaache ya chifu, unamjua.

Mama Halima anasema nisiandike kabisa, niende nikamwombe afande kwa mdomo, mwalimu anasikizwa. Labda. Ila mwalimu mwanamke akionekana ameingia kambini mara mbili, ya tatu washamwoza. Yule mjane wa nyumba ya pili koplo alimletea sabuni tu, leo mama wakwe hawamsalimu. Sitaki sabuni ya mtu.

Na tena nina shaka nyingine. Kwa mdomo afande anaweza kukubali, halafu miezi michache akahamishwa kama mwenzake, na ruhusa ikaondoka naye kwenye gari. Karatasi angalau inabaki kwenye faili. Ndiyo maana narudi palepale pa barua.

Basi nisaidie, na upesi. Barua ya namna hii inaelekezwa kwa mkubwa wa kambi moja kwa moja, ama inapitia kwa naibu kamishna wa kaunti kwanza? Nikipeleka nakala kwa wote, si ndio inasomwa na macho mengi zaidi? Uliwahi kuona ombi likipita bila majina? Ni nani alilitia sahihi? Na likikataliwa, linakataliwa kwa maandishi ama watu wananyamaziwa tu? Ukiweza niandikie mfano, hata mistari kumi, nami nitabadilisha. Mpe Shee, anarudi akipata hali ya bahari, na mwambie asilaze bahasha dukani.

Nitumie na chaki, nyeupe zinatosha, na achari ya mama kama ipo. Hivi Fatuma alijifungua? Nani amepata ile nyumba ya Langoni? Na yule wa Malindi, umemjibu ama bado wamzungusha?

Wako,
Zuhura