Neno «split» lisitafsiriwe kwa kitenzi kimoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanaotafsiri habari za mashirika ya kigeni kuhusu neno la Kiingereza «split». Liwe limetokea katika siasa, michezo au biashara, aghalabu hupewa kitenzi kimoja tu, kugawanyika, ilhali Kiswahili kina kitenzi chake kwa karibu kila maana ya neno hilo. Hasara yake haiishii kwenye ladha ya lugha, kwa sababu mara nyingine msomaji hupewa habari isiyo sahihi.

Nianze na biashara, maana huko kosa hugusa mifuko ya watu. Agosti 2020, kila hisa moja ya kampuni ya Apple ilifanywa kuwa hisa nne, na bei ikatoka karibu dola 500 hadi karibu dola 125 kwa hisa. Aliyekuwa na hisa 10 akawa na 40, na thamani ya mali yake haikubadilika kwa hatua hiyo, kwa kuwa hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Ukiandika kwamba kampuni «imegawa hisa», msomaji ataelewa kwamba watu wamepewa hisa za bure. Ukiandika kwamba hisa «zimegawanyika», kisha akaiona bei mpya, atadhani kampuni imeporomoka. Hapa kitenzi kugawanya chafaa, ila kiambatane na idadi: kila hisa imegawanywa kuwa nne.

Michezo nayo ina mitego yake. Katika ndondi, majaji wawili wakimpa ushindi bondia mmoja na wa tatu akampa mpinzani wake, tunaandikiwa «uamuzi uliogawanyika». Lakini hata pale jaji wa tatu anapotoa sare, uamuzi huo kwa Kiswahili utakuwa umegawanyika vilevile, wakati kanuni za ndondi hutenganisha matokeo hayo mawili. Kwa nini tusiseme ameshinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja? Katika mbio ndefu, neno hilohilo ni muda wa kipande kimoja cha safari: Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago, Oktoba 2023, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, na ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Hapo hakuna kilichogawanyika. Kilichopo ni muda wa kila nusu. Na mwanasarakasi anayekaa chini miguu ikiwa imenyooka huku na huku amepiga msamba, neno ambalo hata watoto wanalijua.

Linalonisumbua zaidi ni siasa. Chama ambacho kundi la wanachama limeondoka na kuanzisha chake kimemeguka. Chama ambacho viongozi wake hawaelewani lakini wote wangali ndani kimefarakana. Na chama ambacho wajumbe wametofautiana katika kura moja, kisha wakaendelea na kikao, hakijapatwa na lolote kati ya hayo. Kuyaita yote mgawanyiko ni kumnyima msomaji jambo la msingi analotaka kulijua, yaani kama kuna aliyeondoka. Vivyo hivyo kwa wanandoa: kutengana si kutalikiana, na mtafsiri hana budi kuisoma habari hadi mwisho ajue kama talaka imetolewa.

Kitenzi kugawanyika kina kasoro nyingine: humficha mtendaji. Mwaka 1947 India haikugawanyika yenyewe. Iligawanywa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza, zikazaliwa India na Pakistan. Mwaka 1932, huko Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walikipasua kiini cha atomu ya lithiamu kwa mashine waliyoiunda wao, na kuandika kwamba atomu «iligawanyika» ni kuifuta kazi ya mikono yao. Nyakati ambazo kitu hujipasukia chenyewe zipo, na hapo ndipo umbo hilo lina haki yake.

Kuna jambo la mwisho, ambalo najua baadhi ya waandishi hawatakubaliana nami. Kampuni mbili zinapoungana katika mradi, tunaandikiwa kwamba «zitagawana gharama na faida». Kwa sikio langu, faida hugawanwa kwa sababu kila mmoja huondoka na fungu lake, bali gharama huchangiwa, kwa kuwa kila mmoja hutoa. Naomba dawati lako la habari za nje lilizingatie hilo pamoja na haya mengine, na lisilipitishe neno hilo kabla mtafsiri hajajiridhisha ni nani aliyegawa, vimepatikana vipande vingapi na kila kipande kimekwenda kwa nani.

Msomaji wako wa siku nyingi