Barua kwa mdogo wangu: ile ndege uliyoisikia kwenye simu

Mdogo wangu, habari za Morogoro? Mama kaniambia mguu umepata nafuu, nimefurahi sana.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu ya lile neno lako la juzi. Si unakumbuka tulikuwa tunaongea mara ukasikia mngurumo, ukauliza kaka hilo trekta au nini, nikakwambia hapana, hiyo ni Lancaster, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, inatunzwa kwenye makumbusho hapa Hamilton, Kanada, na ikipita chini vioo vya dirisha vinatetemeka, injini nne zile, na duniani kote zimebaki mbili tu za aina hiyo zinazoruka. Nikaanza kukusimulia habari za Andrew Mynarski ambaye ndege hii inamkumbuka, sijafika mwisho ukasema "basi alikufa bure huyo." Halafu simu yako ikazima chaji. Sijakukasirikia, ila neno limenikaa kooni, acha nimalizie.

Andrew alikuwa kijana wa Winnipeg, wazazi wake wahamiaji kutoka Poland. Baba alifariki mapema, ikabidi afanye kazi ya kukata ngozi kusaidia nyumbani, maisha ambayo mimi na wewe hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 1941 akaingia jeshi la anga la Kanada, baadaye yuko Uingereza, skwadroni ya 419, yaani kikosi cha ndege, anashika bunduki kwenye kibanda cha kioo mgongoni mwa ndege. Mkiani alikaa rafiki yake Pat Brophy. Brophy alishakuwa ofisa wakati Andrew bado, basi usiku wakiachana Andrew anajikaza, anampigia saluti ya utani, anamwambia lala salama afande.

Tarehe 12 Juni 1944 wakapangiwa kwenda Cambrai, Ufaransa, kupiga reli ili Wajerumani wasiweze kupeleka askari Normandy, pwani ambako majeshi ya upande wa akina Andrew yalikuwa yametua. Safari yao ya 13. Wakati wanasubiri kuruka Andrew akaokota kwenye majani klova yenye majani manne, kule wanaamini inaleta bahati, akampa Brophy.

Usiku ule ndege ya Wajerumani ikawapiga kwa chini. Injini mbili za kushoto zikafa, moto ukawaka katikati kati ya Andrew na mkia, rubani akaamuru wote waruke. Andrew kafika mlango wa kutokea, mwavuli wa kurukia kavaa, amebakiza kuruka tu. Akageuka kutazama nyuma akamwona Brophy kanasa, manake kile kibanda cha mkiani kinazungushwa kwa nguvu inayotoka injini na injini zenyewe zimekufa, na kile kifaa cha kuzungusha kwa mkono kimevunjika. Mdogo wangu, Andrew akarudi. Akatambaa kwenye mafuta yanayowaka, akapiga mlango wa kile kibanda kwa shoka, shoka likashindwa, akavuta kwa mikono mitupu. Nguo zake zinawaka kuanzia kiunoni kwenda chini. Brophy ndiye aliyempungia mkono, nenda, ondoka! Andrew akarudi kinyumenyume kwenye moto uleule, hakumpa mgongo rafiki yake, alipofika mlango wa kutokea akasimama wima akapiga saluti. Brophy hakusikia sauti ila aliona midomo. Lala salama afande.

Wafaransa walimkuta chini kaungua vibaya, akafa siku hiyohiyo, miaka 27. Kazikwa Méharicourt, hukohuko Ufaransa.

Na Brophy? Ndege ikaanguka naye ndani na mabomu bado yamo, bawa likapiga mti, yeye akarushwa nje, mzima! Najua hapa ndo utasema unaona, angepona tu hata yule asingerudi. Kweli. Lakini nimeenda makumbusho nikakiangalia kile kibanda cha mkiani, ni kidogo hata magoti huwezi kunyoosha, umetazama nyuma kwenye giza na wenzako wote wako mbele, nikajiuliza kukaa mle ukijua wameondoka kukoje. Brophy hakuachwa hivyo. Mtu alimjia.

Na ni Brophy aliyerudi kusimulia, ndipo mwaka 1946 Andrew akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Angekufa mkiani mle, tungeambiwa tu kwamba Mynarski aliruka akachelewa. Kwenye kikosi kizima cha ndege za mabomu cha Uingereza, ambacho skwadroni yao ilikuwa chini yake, walikufa watu 55,573, kati ya kama 125,000, wengi ndege nzima bila hata mmoja wa kusema nani alimrudia nani. Hilo ndo linaninyima usingizi, wala siyo kama Andrew alifanikiwa au la.

Jumapili nitakupigia, chaji simu mapema. Na ikipita tena usiniulize kitu, tunyamaze tuisikilize wote wawili mpaka iishie upande wa ziwani.

Kaka'ko